Swali la Mtu wa Dirishani

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Somanga tu wazima, alhamdulillahi. Goti la mama yako limepoa na mikorosho imeanza kutoa maua.

Unauliza kwa nini watu wanatazama tangazo lako la korosho mtandaoni kisha wanapita, na unasema zisiponunuliwa mwezi huu unafunga biashara. Nimelisoma kwenye simu ya mama yako. "Korosho bora, tamu, za kipekee." Jirani yangu mwenye korosho zilizooza naye husema hivyo hivyo.

Nilipokuwa msichana tuliuza samaki kwenye mabasi. Sote tulikimbilia madirishani tukipiga kelele, "Watamu hawa! Watamu!" Siku moja abiria akauliza, "Watafika Lindi bila kuharibika?"

Tukamjibu, "Watamu, kaka!"

Shangazi yangu Somoe peke yake ndiye aliyemwuliza, "Unakwenda kwa nani?"

"Msibani. Mama yangu amefariki."

"Pole, mwanangu. Basi hawa wa kukaanga waache, hawatawatosha watu wa matanga. Chukua kamba wakavu. Hawaharibiki, na wachache wanatosha mchuzi wa sufuria nzima."

Akachukua kapu lote. Sisi tukabaki na utamu wetu.

Andika upya, Zuhura. Huenda anayetazama anamnunulia mama yake, naye anataka kujua kama meno ya mzee yataziweza. Mwambie. Na kama ni ngumu, mwambie hivyo hivyo.

Ni mimi bibi yako, ninayekutaja katika kila dua.