Baba, Nimelikuta Jina Lako kwa Mgeni wa Luksemburgi

Malindi, 1986

Baba Kahindi,

Shikamoo, huko ulikolala. Usishtuke: mwanao niliyeishia darasa la sita sasa nasomeshwa mpaka makaratasi ya Ulaya. Cheka tu, lakini nisikilize.

Tangu tukuzike niko Malindi natembeza wageni, na Kijerumani changu kinawashinda waliomaliza sekondari. Mwezi uliopita nilimpata mzee wa Luksemburgi, kinchi ambacho hata Kilifi yetu inakimeza. Wenzake wakiota jua, yeye kivulini na bahasha ya nakala za vitabu vya kanisa, vya miaka mia tatu nyuma, akilifuata jina la ukoo wake. Akanionyesha babu mmoja aliyewahi kumkwamisha. Alipofunga ndoa padri kaandika jina moja la ukoo, alipozikwa kaandika jingine. Mke yule yule, watoto wale wale.

"Labda ni watu wawili?" akanijaribu.

"Wawili wapi, mzee! Huyu alihamia kwa wakwe, wakamwita kwa jina la nyumba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kumbe ndiyo desturi yao ya zamani, na yeye ilimchukua miaka sita kuijua! Akaniuliza nimesomea wapi. Nikasema, "Kibarani, Kilifi." Sikumwambia mwalimu wangu alikuwa wewe.

Maana ulitoka Mariakani ukahamia kwa mkweo, Babu Baya, mwenye mabinti tupu na minazi isiyo na wa kuikwea. Tangu hapo ukawa Kahindi wa kwa Baya. Wagema wenzako wakikuchokoza, "Wewe hukuoa, umeolewa!" ulikuwa ukiwajibu kutoka juu ya mnazi, "Nimeolewa vizuri! Nyinyi leo mmepikiwa nini?"

Wewe ulicheka, Baba. Mimi niliona haya. Shuleni nikajiandika Charo Baya. Na siku ile nikiwa na wenzangu, ukapita na madafu begani. Wakauliza, "Yule ni nani?" Nikasema, "Anakaa kwetu tu."

Ulisikia. Najua ulisikia, kwa sababu ulisimama. Ukashusha mzigo, ukatukatia kila mmoja dafu, mimi wa kwanza, ukajitwika ukaenda zako. Hata nyumbani hukunigusia. Ungenichapa ningekuwa nimesahau.

Na hilo Charo lenyewe ni jina la baba yako, ulinipa wewe. Nilikuwa nakukana huku nimekubeba.

Sasa nimeomba kitambulisho. Penye jina la baba mkono ulishazoea, ukaandika Baya. Jana nikarudi kwa chifu kuomba fomu nyingine. Karani akanikazia macho.

"Kijana mzima, umekosea jina la baba yako?"

"Nimelikosea tangu darasa la kwanza," nikamwambia.

Akacheka, akanipa. Nimeandika Charo Kahindi Charo, kwa mwandiko ule uliouita wa kuku, lakini safari hii kuku katulia. Atakayenitafuta miaka mia tatu ijayo hatahangaika miaka sita.

Babu Baya hatanuna. Nyumba yake naipenda vilevile. Lakini wale wenzangu nikikutana nao, nitawaambia bila kuulizwa aliyewapa madafu siku ile alikuwa nani.

Pumzika, Baba. Mzigo umeshushwa.

Mwanao wa kwanza, na wa kwanza kwa ubishi,
Charo wa Kahindi