Kiti cha Kunguru wa Chimbo

Rhyd-y-gro,
Wales ya Kaskazini,
Machi 9, 1967.

Kwako Dada Mererid,

Salamu zangu zikufikie huko Patagonia, wewe, shemeji Elgan na watoto. Natumaini vifua vya watoto vimepona na kondoo wamepata majani. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haitulii, lakini hilo si jipya kwako; wewe ndiye uliyeniita kiguu na njia tangu sijajua kufunga viatu. Nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye dirisha la jikoni, maana kila nikikaa nainuka tena.

Nyumba ya Malta nimeiuza, usinigombeze. Jua lilinichosha, nikahamia hoteli ya London, nayo ikanichosha. Mchapishaji anataka kitabu kingine kabla ya kiangazi, na mimi nina maiti moja tu kwenye ukurasa wa kwanza, imelala gatini Cardiff, na sijui nani kaiua. Zamani nilikuwa namjua muuaji hata kabla ya kushika kalamu. Tangu nilipoacha ukarani wa gazeti kule Liverpool nimeishi kwa kuua watu wa karatasi, tena kwa jina la Kiingereza nililobandikwa kwa kuwa langu liliwashinda kutamka. Sitajifanya mtakatifu: kazi hiyo imenilisha vizuri, na filamu ile iliyotokana na kitabu changu ikaninunulia magari ambayo sikuyahitaji. Lakini mwaka huu kila sentensi niliyoandika nikiisoma naiona imeandikwa na mtu mwingine, mtu nisiyempenda. Ndipo nikarudi nyumbani mwezi wa Januari, nikasema ni kwa wiki moja.

Baba hajambo kwa umri wake, ila sitakuficha, kumbukumbu inamtoka. Huweka birika motoni bila maji. Juzi aliniita Meredydd, jina la marehemu baba mdogo, akanituma chimboni nikamletee patasi zake, na chimbo limefungwa siku nyingi. Ulimi wake lakini bado mkali. Watu wa hapa nao ni wale wale. Hywel Maziwa akileta chupa asubuhi huniuliza mwaka huu nimeua wangapi, na kama kuna nafasi nimchukue mkwe wake, yeye mwenyewe atanisaidia kumshika miguu. Baba hacheki. Yeye husema vitabu vyangu ni vya damu na ni vya Kiingereza, na hajui lipi baya zaidi. Na kwamba mtu aliyezaliwa katika nyumba ya mashairi haendi kuwauzia wageni uongo, kisha akajiita mwandishi. Ananiambia hayo huku akinikatia mkate, na kipande kikubwa ananipa mimi.

Sasa habari kubwa. Siku ya Mtakatifu Dewi ilifanyika Eisteddfod ya kanisa letu, mashindano yale ya mashairi, na kiti anachotuzwa mshairi bora kimekuja kwetu. Unakumbuka baba alivyokuwa akipeleka shairi kila mwaka, kila mwaka kwa lakabu ya ndege mwingine, kisha tunarudi nyumbani mikono mitupu, mama akimmiminia chai bila kumtazama usoni? Safari hii mwamuzi, mchungaji kutoka Bala, alisema mashairi yote yalikuwa ya kupita tu isipokuwa moja, la mtu aliyejiita Kunguru wa Chimbo. Ni sauti ya mpasua mawe anayesimama mlangoni jioni akimwita mwanawe aje ale, na mwana haji. Aliposoma beti mbili wanawake wakaanza kutafuta leso. Kisha tarumbeta ikalia, akamtaka Kunguru wa Chimbo asimame, yeye peke yake, popote alipokaa. Baba akasimama.

Laiti ungekuwepo, dada. Hywel Maziwa alilia waziwazi, pua na vyote. Walimvika baba joho la zambarau, wakampeleka mbele taratibu akiwa na fimbo yake, wakashika upanga juu ya kichwa chake, kama desturi ya kiti ilivyo, na kutuuliza mara tatu kama kuna amani. Kanisa zima likajibu kwamba ipo. Nami nilijibu na wenzangu, ingawa kwangu haikuwepo.

Tulipofika nyumbani alikula vizuri kuliko siku zote. Kisha akanigeukia.

“Umeona sasa? Mcheza kwao hutunzwa. Wewe umecheza kwa watu, wamekupa pesa. Kuna hata mmoja aliyekulilia?”

Nilisema hakuna. Nikaacha sahani yangu, nikapanda hadi chimboni kwenye mvua, nikashuka, nikapanda tena. Nilifunga sanduku langu, nikaangalia saa za treni. Asubuhi nilikuwa bado hapa, sanduku limefungwa, nikivaa shati la jana.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Shairi lile ni langu.

Nililiandika katika chumba chetu cha juu, kwa lugha yetu, mara ya kwanza tangu shuleni, na nilikuwa kama mtu anayejifunza kutembea. Lakabu nikachagua ya ndege, kwa desturi ya nyumba. Baba naye alipeleka lake kama kawaida. Ceinwen Posta ndiye humpigia chapa, na mwaka huu baba alikuwa Korongo. Tarumbeta ilipolia nilikwisha shika benchi la mbele ili niinuke. Sikutaka kiti. Nilitaka anione nimesimama, basi, anione mara moja tu kwamba na mimi naweza. Kabla sijainuka nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu. Alikuwa amesahau mwaka huu yeye ni ndege gani.

Ningeweza bado kusimama. Nilimtazama usoni nikashindwa. Ceinwen, ambaye pia ni katibu wa mashindano, alifungua bahasha yenye jina halisi la Kunguru, akanitazama juu ya miwani, nikatikisa kichwa. Akaitumbukiza bahasha kwenye mkoba wake na kutangaza jina la baba kwa sauti ya kuamsha wafu. Hajaligusia jambo hilo tangu siku hiyo. Jana nilipokwenda kununua stempu alinishika mkono tu, akaubana.

Usiniite mwema. Niliungua kwa wivu, tena wivu wa kumwonea baba yangu mwenyewe. Usiku ule mezani maneno ya kumwumbua yalinifika hadi ulimini.

Halafu Jumapili, tulipotoka ibadani, alikaa kwenye kiti chake karibu na moto, akatoa karatasi aliyopewa kanisani, akaniambia nisikilize shairi lake. Alisoma lote. Alisoma pale baba anapomwambia mwanawe mlango uko wazi na mkate unapoa, kwa sauti yake ile ya zamani. Nimeyataka maneno hayo kutoka kwake tangu siku niliyoondoka na sanduku, naye hakutoka hata kizingitini. Sasa anayasema, na aliyeyaandika ni mimi. Nilitaka kucheka, nikataka kupiga ukuta ngumi. Alipomaliza aliikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akaendelea kuutazama moto.

“Sikukuita, Idwal,” akasema, “kwa sababu niliogopa utakataa.”

Mstari huo haumo katika shairi, dada. Sikuuandika mimi.

Ninachokuomba ni kimoja. Baba atakuandikia kuhusu kiti chake, na atatia chumvi. Mpongeze kwa moyo wako wote, wala usiitoe siri hii, hata nitakapokuwa kaburini. Mchapishaji nimemwambia maiti yake itasubiri. Amenijibu kwa hasira, nami sijajali sana kama nilivyodhani ningejali.

Hywel na Ceinwen wanakusalimu. Mpe shemeji mkono wangu, watoto uwabusu mmoja mmoja, na yule mdogo mwambie mjomba hana ubaya, kazi yake tu ndiyo mbaya. Mungu awalinde nyote. Majibu yako uyaelekeze hapa hapa nyumbani, yatanikuta.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Idwal