Ekseli Pana za Pikapu ya Baba

Nyumba ya Baba,
Barabara ya Mtoni,
Ridgway, Colorado.
10 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Nadine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako mnene. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba huko Dunedin, kusini kabisa mwa dunia, jua limeanza kukumbuka kazi yake, maana huku kwetu limeshaacha. Mgongo wa shemeji Callum unaendeleaje? Na wapwa zangu, Isla na Fergus, bado wanaongea kama watu wenye kiazi cha moto mdomoni? Waambie mjomba wao anawapenda, ila simu ijayo waseme polepole.

Sisi tu wazima, kwa kadiri watu waliofiwa mwezi uliopita wanavyoweza kuwa wazima. Wifi yako Arlene amerudi kwenye kwaya yake. Mimi goti la kushoto linanitabiria theluji kabla ya redio. Kitambi kipo, kinakusalimu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Siku ya ibada ya kumuaga Baba uliniuliza ilikuwaje Baba akaenda kumuaga Mama kule ziwani na mgeni, wakati ana wana wawili wa kiume na gari zima lililotengenezwa kwa safari hiyo. Nikakujibu kwa mkato. Ulikuwa na haki ya kuuliza. Basi kaa, weka chai, nikueleze.

Unakumbuka kiangazi cha mwaka jana, Baba akiwa usukanini, pikapu iliinua magurudumu mawili kwenye ule mteremko wa kokoto, ikabaki inawaza idondoke au isidondoke. Ndugu yetu Royce alining'inia nje upande wa juu kama shati kwenye kamba, akiivuta irudi chini. Ulipoiona picha ulipiga simu siku hiyo hiyo: "Hamtampandisha Baba mlimani na hicho kikopo chembamba mpaka mkifanye kisimame vizuri!" Sikukumbushi ili nikulaumu. Sote tulisema vivyo hivyo. Daktari naye alikuwa ameshatuambia kwamba moyo wa Baba umebakiza kiangazi kimoja tu cha kupanda juu, na Baba hakuomba kingine ila kufika ziwani mara moja zaidi, mimi na Royce tukiwa naye, pale tulipomwaga majivu ya Mama.

Royce unamjua. Kuishi na mke kumemshinda mara mbili, lakini ekseli, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, anazielewa. Akasema dawa ni moja: tuzitoe zile nyembamba, tuweke pana, magurudumu yakae mbalimbali, hata shetani asiweze kuipindua. Akazipata kwenye lori bovu la kubebea nyasi lililokuwa likiozea kwenye ranchi ya akina Thurlow. Alizileta akiwa na uso wa mtu aliyepata mtoto.

Majira yote ya baridi tulikuwa gereji. Tulikata, tukachomelea, tukahamisha springi, tukabadilisha mabomba ya breki, tukafupisha propela shafti, kisha tukairefusha tena kwa sababu mimi ndiye niliyeifupisha. Kila tulipowasha mashine ya kuchomelea ilitubidi tumtoe Baba nje pamoja na mtungi wake wa oksijeni. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, theluji ikimwangukia kofiani, akitoa amri.

"Hiyo springi imekaa kama kofia ya mlevi!"

"Baba, sogea mbali na huo mtungi, utatulipua!"

"Nikiwalipua nitakuwa nimeiokoa pikapu!"

Nakwambia, Nadine, tulipima kila kitu. Royce alitembea na futi kamba kiunoni kama askari na bastola. Tulipima kutoka gurudumu hadi springi, kutoka springi hadi fremu, kisha tukarudia kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake. Wajua hatukuwa tumezungumza vizuri, mimi na yeye, tangu siku ile ya kumwaga majivu ya Mama tulipogombania nani aendeshe. Mwezi wa tatu nikamsikia anapiga mluzi. Nikajisemea, kumbe bado ana mluzi.

Ilipomalizika ilisimama kama dume la ng'ombe lililokataa kutoka njiani. Magurudumu yalichomoza nje ya madigadi, yale mabati ya kukinga tope, kwa kiburi kabisa. Ekseli za zamani Royce akampa rafiki yake wa Delta, naye akazikata kutengenezea trela ya kuni.

Tulipanda mwishoni mwa mwezi wa nane. Arlene alitufungia mikate ya nyama na chupa ya kahawa. Baba alivaa lile shati la buluu alilopenda Mama. Kwenye mteremko wa kokoto pikapu ilipita kama inapita sebuleni. Baba alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi, haikumwagika hata tone. Akampiga Royce begani, akasema, "Hii sasa ni gari." Sijawahi kumwona Royce akiona haya. Aliona haya.

Halafu tukafika Mbavu.

Unayakumbuka yale mawe mawili, njia ikipita katikati yake kama mtu anayepenya kwenye foleni. Unakumbuka na sheria ya Mama: kila anayepita lazima atoe mkono dirishani aguse jiwe, la sivyo mvua itanyesha ziwani. Tulipigana vikumbo kugombania dirisha. Nawe ulikuwa mdogo, Nadine, na uliligusa bila kunyoosha kiwiko. Kiganja tu.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hatukuhitaji futi kamba. Viganja vyetu vilijua tangu utotoni kwamba pale hakuna nafasi ya kuongeza hata mkate. Tukaenda tukaongeza ekseli.

Royce akasimamisha gari.

"Mbona umesimama?" Baba akauliza. Mkono wake ulikuwa tayari dirishani.

"Haipiti."

"Nini haipiti?"

"Sisi."

Royce akajaribu hata hivyo, unamjua. Gurudumu la kulia likapanda jiwe, la kushoto likasaga ukuta, digadi ikang'oka ikaanguka njiani kwa kelele. Akazima injini, akanigeukia.

"Si nilidhani umepima!"

"Mimi? Futi kamba imelala kiunoni mwako tangu Krismasi!"

"Wewe ndiye mkubwa!"

"Leo ndiyo umekumbuka kwamba mimi ni mkubwa?"

"Nyamazeni," Baba akasema, bila ukali. Akaurudisha mkono ndani. "Mimi nami nilidhani mmepima."

Nyuma yetu walikuwa wameshajipanga watalii na vile vigari vyembamba vya kukodi vya viti viwili, vile ambavyo Baba miaka yote aliviita vitoroli vya supamaketi. Pale hapageuziki. Ilibidi turudi kinyumenyume hadi penye upana, na watu wa Texas wakatuelekeza. "Kulia kidogo, kaka! Kushoto! Basi, basi, basi!" Nimeishi kwenye milima hii maisha yangu yote, nikaelekezwa kurudi nyuma na mtu aliyevaa kaptura yenye maua.

Ndipo akaja mama mmoja, Bi Bledsoe wa Lubbock, huko huko Texas, mwenye kofia kubwa. Royce alikuwa ameshamweleza kila mtu habari za Mama na ziwa, akidhani anajitetea. Bi Bledsoe akainama dirishani kwa Baba.

"Mzee, mimi nina kiti kimoja."

"Hicho ni kiti au kikapu, mama?"

"Ni kikapu, mzee. Lakini kinapita."

Nilifikiri Baba atacheka amkatalie. Akafungua mkanda. Nikamwambia, "Baba, subiri. Wiki ijayo tutaazima gari jembamba, tutapanda wote."

"Wendell," akasema, "hiyo wiki ijayo unaniahidi wewe au daktari?"

Nikashuka, nikauchukua mtungi.

Tukamsaidia kupanda, tukaufunga mtungi kati ya miguu yake. Kigari kile ni chembamba mno, Nadine. Kilipoingia Mbavu nilimwona Baba ametoa mkono, na mkono haukufika. Kiganja kilikuwa wazi hewani. Akasema kitu, Bi Bledsoe akakisogeza kigari kulia mpaka kikakwaruza, na Baba akagusa. Kisha wakapinda kona.

Royce akaanza kukimbia. Mzee wa miaka hamsini na kitu, na buti za gereji, kwenye hewa ile isiyotosha hata kupulizia chai. Nilimkuta baadaye amekaa kwenye jiwe anatapika. Mimi sikujaribu hata kukimbia. Nilibaki na kitambi changu na digadi mkononi. Nilikaa ndani ya pikapu kwa sababu sikujua pa kwenda, nikala mikate yote ya Arlene, yangu na ya Baba.

Waliporudi, Baba alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na uso wa mtu aliyelala vizuri. Hatukumuuliza alichomwambia Mama. Nilimuuliza Bi Bledsoe pembeni. Akasema mzee alizungumza muda mrefu, na yeye kwa heshima alisogea mbali asisikie. Kwa hiyo hata mgeni hakusikia. Hakuna aliyesikia.

Wiki iliyofuata Royce aliazima gari jembamba kweli, la jirani wa Thurlow. Akalileta limeoshwa. Baba akalitazama kupitia dirisha la chumbani. "La nini?" akasema. "Mimi nimeshaaga." Royce akalirudisha. Sijui kama kuna neno alilowahi kuambiwa na wake zake wote wawili lililomuuma kama hilo.

Bi Bledsoe alitutumia picha ya Baba pale majini, anacheka cheko ambalo sijaliona tangu Mama aondoke. Arlene ameibandika kwenye friji. Mimi nikienda kuchukua maziwa nageuza uso. Ni mama mwema, sina neno naye. Ila lile cheko lilikuwa letu, naye alilipata kwa kupita njiani tu.

Pikapu iko gereji. Imara kupindukia. Haipinduki mahali popote, na pale pekee tulipoitakia haiendi. Royce huja Jumamosi, tunaitazama, halafu anaenda zake. Hapigi mluzi.

Sasa ombi. Baba alitaka awekwe alipo Mama. Majivu yake yako kwenye kile kigoda chake, mlangoni mwa gereji. Royce ndiye aliyeyaweka pale, nami sikubisha. Njia itafunguka mwezi wa saba theluji ikiyeyuka. Njoo, Nadine. Tutakodi kitoroli kama kile. Kina viti viwili tu, na mimi na Royce tumekubaliana, bila kugombana, kwamba dereva ni wewe na abiria ni Baba. Sisi tutatembea. Safari hii tutatangulia alfajiri, tutakuwa ziwani kabla yenu. Nimeshaanza mazoezi: kila jioni nakwenda mpaka darajani na kurudi, na Arlene ananiambia hata kobe wa jirani amenipita. Acha acheke.

Nisalimie sana shemeji Callum, na Isla, na Fergus. Arlene anakukumbatia. Royce hajaniambia nikusalimie, lakini ameuliza mara mbili leo kama barua nimeimaliza, nawe unajua hiyo kwa Royce ni hotuba nzima. Mungu akulinde baharini na angani, na akulete kwetu ungali unatupenda.

Na usisahau, huku kwetu tunaendesha upande wa kulia, si kushoto kama kwenu. Baba atakuwa kiti cha kulia vilevile. Ukifika Mbavu usiogope kukwaruza kigari cha watu. Sogea, sogea zaidi, mpaka uhakikishe ameligusa jiwe.

Ndimi kaka yako, ninayekupenda hata ninapokukatia simu,

Wendell