Usimjie Tena Nanjala

Wekesa,

Leo naanza na ombi kabla ya salamu, kwa sababu unanijua, nikianza na salamu nitazunguka mpaka nisahau kilichonileta. Mwache dada yako. Nanjala ana miaka kumi na sita, ana mitihani, ana mwili wake na kinywa chake mwenyewe. Usimjie tena.

Haya, sasa salamu. Niaje huko? Ni mimi Chebet, yule uliyemwita Viazi tangu siku ile gunia la viazi nililotoka nalo mlimani lilipopasuka mbele ya darasa zima. Miaka minane sijakuandikia hata neno moja. Bado niko hapa Tuwan, Kitale. Nina cherehani yangu, nashona sare za shule. Nyumba yenu imepakwa rangi ya kijani, ati kijani bana, kama zahanati, na wapangaji wapya wamefuga kuku pale kwenye veranda yenu. Mimi hupita njia ya nyuma.

Baba yako alipostaafu ualimu alirudi nyumbani Kabuchai na Nanjala, akajenga karibu na kaburi lako na la mama yako. Karibu sana, Wekesa. Ukikaa sebuleni dirisha liko wazi, unaona simenti ya kaburi lako na miwa nyuma yake. Watu walisema huyo ni mzazi anayependa watoto wake, na ni kweli anawapenda. Hapo ndipo shida ilipo.

Unamkumbuka na gazeti lake? Akisoma kwamba baa fulani imeuzia wanafunzi pombe alikuwa anagonga meza mpaka vikombe vinaruka. "Wafungwe! Miaka kumi na nane ni kumi na nane!" Halafu Jumamosi saa kumi alasiri, mtu huyohuyo anafungua friji na kukumiminia glasi. Ulikuwa na miaka kumi na minne, umetahiriwa Agosti ile ile, kidonda kimepona juzi. Alisema kisu kimekufanya mwanaume, na mwanaume wa kwake atanywa mbele ya baba yake, si kwa wapika chang'aa. "Sheria ni ya barabarani," alisema. "Ndani ya nyumba hii sheria ni mimi. Samaki mkunje angali mbichi." Na mimi, mtoto wa walokole, kwetu hata soda inaombewa kwanza, niliona kwenu ni mbinguni. Alinimiminia pia. Kidogo, ya msichana, alisema, na soda juu.

Ulipokufa watu walisema ni shauri ya Mungu. Ai! Mungu hakufungua hata chupa moja siku ile. Lakini hakuna aliyeuliza pombe ilitoka kwa nani, kwa sababu ilitoka kwa mwalimu, ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa. Na mimi nikanyamaza pamoja nao.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwezi uliopita Senge, shangazi yako, alinipigia simu. Hakuwahi kunipigia. Akasema tu, "Chebet, njoo Jumamosi. Njoo kabla ya saa kumi. Sitaki kukwambia kwa simu." Nikafika Kabuchai saa tisa, jua likiwa kali, na miwa imesimama kimya, hata jani halitikisiki. Senge alinipokea langoni, akanishika mkono kama mgonjwa, akanieleza kabla hatujaingia.

Ati baba yako alianza kwa kukumiminia wewe. Kila Jumamosi, saa ile ile, glasi moja inawekwa kwenye meza ndogo chini ya picha yako. Alimwambia Senge ni kumbukumbu tu, hakuna ubaya. Senge akamkataza. Alisema pombe humwagiwa wazee waliomaliza safari yao, lakini kijana aliyekatiwa njiani, ukimwita kwa pombe, anakuja na kiu yake yote. Baba yako akacheka, akasema yeye ni mtu wa kanisa na haamini hayo. Wiki ya tatu glasi ikaanza kushuka. Akiondoka sebuleni imejaa, akirudi ni nusu. Unafikiri aliogopa? Alifurahi! Alianza kununua ile uliyoipenda.

Ilikuwa ni Nanjala. Senge alimkuta amesimama chini ya picha, anakunywa macho yamefungwa. Akampeleka kwa baba yake ili apigwe, na baba yako akainua mkono. Hapo Nanjala akacheka. Wekesa, alicheka kile kicheko chako cha kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Mkono wa mzee ukabaki juu. Kisha akaushusha, akavuta kiti, akamwambia mtoto akae. Tangu siku hiyo anammiminia yeye, kwa sababu akifika glasi ya pili wewe unakuja.

Nilimwambia Senge huo ni upuuzi, msichana anamwigiza kaka yake apate kupendwa. Wewe unajua mdomo wangu. Nikaingia nikiwa nimekasirika kabisa, tayari kumpa mzee mzima vidonge vyake. Baba yako alikuwa amevaa tai. Nyumbani kwake, Jumamosi, tai! Nanjala alikuwa kwenye kochi lako lile la zamani, mtoto mwembamba wa watu, sare ya shule bado mwilini, glasi mkononi. Saa ikagonga. Mzee akamimina ya pili, taratibu, akiinamisha glasi povu lisipande, kama alivyokufundisha.

Nikaanza kusema. Nikasema, "Mwalimu, huyu ni mtoto, hata sheria..." Nanjala akageuza kichwa. Alikaa vibaya, mguu mmoja juu ya mkono wa kochi, hivyo hivyo ulivyokuwa unakaa. Alikuwa na miaka minane ulipotuacha. Labda alikumbuka, nikajiambia. Akasema, "Viazi." Labda hilo pia aliwahi kulisikia.

Kisha akasema, "Ulinisikia nikikoroma. Mbona ulienda?"

Hilo hakulisikia kwa mtu. Sijawahi kumwambia mtu, hata kwa maombi sijalisema. Ni wewe na mimi tu tuliokuwa pale, mimi kwenye ile njia ya chumbani, na wewe kitandani umelala.

Acha niliseme sasa, kwa mkono wangu. Siku ile baba yako alileta na chupa ya pombe kali, kwa ajili ya matokeo yako mazuri. Ulikunywa kama unashindana na mtu. Alikushika kwapani, akakulaza chali, akakufunika blanketi, akasema, "Mwacheni alale, pombe itamtoka. Afadhali yuko nyumbani." Mimi nilipita kuchukua sweta yangu nikakusikia. Haikuwa kukoroma kwa mtu aliyelala. Ilikuwa kama maji yanachemka chini ya kifuniko, kisha kimya, nikahesabu mpaka saba, kisha tena. Nilijua kuna kitu hakiko sawa. Haki ya nani nilijua. Lakini ningeita, majirani wangekuja, mama yangu angekuja, angeninusa kinywa. Nikachukua sweta nikaenda. Nilikuwa naogopa kiboko, Wekesa. Kiboko tu. Asubuhi wakasema umeondoka.

Nilianguka magoti hapo sebuleni Kabuchai nikayasema yote, nikimtazama msichana na kukwambia wewe. Senge alikuwa analia mlangoni. Nilingoja baba yako anitukane, nilitamani anitukane. Alikuwa bado ameshika chupa. Akasema polepole, hakunitazama, "Mimi pia nilisikia. Nikafunga mlango ili redio isimwamshe."

Nanjala akatapika kwenye sare yake, kisha akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mtoto. Akauliza alikuwa amesema nini. Akauliza mbona sisi wote tunamwangalia hivyo. Nikamgeuza ubavu, nikamfuta, nikakaa naye chini pale sakafuni mpaka pumzi yake ikatulia. Nilihesabu kila moja.

Nilipouliza kama naweza kumpeleka kwangu Kitale, nilidhani mzee atakataa. Yeye ndiye aliyemfungia sanduku. Alisema, "Mpeleke. Akibaki hapa nitammiminia tena. Najijua." Sijawahi kumheshimu kama siku ile, wala kumhurumia hivyo. Maisha yake yote amesema walevi wanajidanganya, wenye baa wanajidanganya, serikali inajidanganya. Siku ile hakumtaja mtu mwingine. Akabaki mlangoni na ile tai, hakutupungia mkono.

Kwa hiyo Nanjala yuko hapa. Amepata shule, anasoma, anabishana nami kuhusu kila kitu, ana kinywa kibaya kunizidi. Majina yenu yanasema wewe ulizaliwa wakati wa mavuno, yeye wakati wa njaa, na nikimwona anavyomaliza ugali naamini majina hayo kabisa. Huwa nacheka. Lakini Jumamosi, Wekesa. Ikikaribia saa kumi anaacha anachofanya. Anaenda mlangoni, anasimama. Jumamosi iliyopita nilikuwa nabana pindo la sketi, yeye hakuwa ameonja kitu, ni maji tu, mimi mwenyewe nilimtekea. Akacheka nyuma yangu. Kicheko chako. Sindano ikaniingia kidoleni.

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nitakuona, na zaidi niliogopa nitafurahi, kama baba yako alivyofurahi. Ndiyo sababu nakuandikia. Nimekukosa, woi, nimekukosa sana rafiki yangu, na najua sasa jinsi mzee alivyofika pale alipofika. Ni rahisi. Unamwona msichana, unatamani kijana, mkono unaenda kwenye chupa.

Basi lala. Msalimie mama yako kama mko pamoja. Mzee nitamtembelea kila mwisho wa mwezi, nitakaa naye hiyo saa kumi asiwe peke yake, na friji nitaifungua mwenyewe nione. Mama yangu nimeshamwambia nilichofanya, hakunipiga. Wanafunzi wakija kupimwa sare nawaambia pia: mtu akilala hivyo mgeuzeni, piteni mkiita, acheni mnuswe, acheni mpigwe.

Na wewe, kama bado una jambo la kuuliza, usilipitishe kwa mtoto. Njoo uniulize mimi. Nitakuwa macho, mlango wangu hautafungwa, na safari hii ukiniita sitachukua sweta.

Viazi wako,
Chebet