Sala Iliyomchafulia Nyibol Jina

Kanamkemer,
Lodwar.
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mpendwa wifi Awino,

Pokea salamu zetu katika jina la Bwana. Habari za Homa Bay? Mama anaendeleaje na ule mguu? Tulisikia siku hizi anafika kanisani bila kushikwa mkono, tukamshukuru Mungu. Huku sisi tu wazima. Joto ni lile lile unalolijua, hata jioni ukiegemea ukuta unakuchoma mgongo. Kaka yako Josiah bado yuko ofisi ya maji, nami nafundisha gredi ya nne hapa karibu na nyumbani, tangu nihamishwe kutoka Kakuma.

Ningeweza kukupigia simu. Wiki hii nimeijaribu namba yako mara tatu, nikakata kabla haijaita, kwa sababu najua nikisikia sauti yako nitaanza kuzungumzia mvua. Keti kwanza, tafadhali. Ni habari ya mwanao Amondi.

Utakumbuka miaka mitatu iliyopita, tukiwa wote Kakuma, ulipokwenda Lowarengak kuchukua samaki wa duka, ukaniachia Amondi akiwa na miezi sita. Siku ya pili nilimwona akinyonya chupa huku anatokwa na jasho, na midomo imebadilika rangi. Nikampeleka kliniki. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akaniambia moyo wa mtoto una sauti isiyo ya kawaida. Akaandika karatasi apelekwe Lodwar akapimwe vizuri. "Msikawie, mwalimu," alisema.

Karatasi ile niliitia ndani ya kitabu changu cha maandalizi ya masomo. Uliporudi ulimkuta Amondi anacheka, ukambeba hivyo hivyo na harufu yako ya samaki, nikajiambia nitakueleza kesho. Kesho ikawa mitihani ya shule. Sikunyamaza kwa ubaya, wifi. Wiki ya kwanza nilisahau, wiki ya pili nikaona aibu kwamba nilisahau, na kila siku iliyopita ikafanya neno hilo liwe gumu zaidi kulitamka. Wiki ya nane tulimzika.

Siku ile ya Juni unaijua kuliko mimi. Aliyempakata ibadani alikuwa Nyibol, yule mjane kutoka Sudan Kusini, jirani wa duka lako, aliyeimba nasi kwaya. Alikurudishia mtoto akiwa amelala, na alasiri mtoto hakuwa nasi tena.

Jumanne akina mama walipokuja kukufariji, mmoja wao aliuliza mtoto alishikwa na nani mwisho. Nilihisi kana kwamba karatasi ya daktari imebandikwa usoni pangu na kila mtu anaisoma. Zamu ya kuomba ilikuwa yangu. Nikasema, "Bwana, uifunue mikono iliyomgusa mtoto huyu, uifunge isiguse mwingine." Nyibol alikuwa amepiga magoti karibu na mlango. Jina lake sikulitaja, wala sikuhitaji. Kabla ya amina macho yalishafunguka, na wewe pia ulimtazama.

Hakuna aliyeniuliza ushahidi, maana ilikuwa sala. Ile amri ya kutomshuhudia jirani uongo nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili miaka kumi na mmoja. Niliivunja nikiwa nimefumba macho na kuinua mikono.

Yaliyofuata uliyaona mengine kabla hujaondoka. Benchi lake likabaki na yeye peke yake. Akaambiwa arudishe joho la kwaya. Watoto wakafundishwa kumkimbia. Baadaye alihamia Kalobeyei pamoja na binti yake Ayak. Mimi niliomba uhamisho, na watu wakadhani nimemfuata mume wangu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kakuma kwa semina ya walimu. Mchana nikapita sokoni, nikamwona Nyibol anakuja. Mbele yake alikuwepo mama mmoja asiyemjua kabisa, mwenye mtoto mgongoni. Nyibol alipomkaribia aliificha mikono ndani ya leso, akavuka barabara. Yule mama hata hakumtazama. Nyibol ndiye aliyemkimbia mtoto.

Nilimfuata. Alinisalimu kwa heshima bila kunipa mkono. Nikamuuliza habari za Ayak, akaniambia amezaa, mtoto ana mwaka na nusu. Nikasema, basi umepata mjukuu wa kubeba.

"Mimi sijabeba," akasema. "Hata siku moja. Mtoto akilia, mimi naimba tu kutoka kwa mlango." Kisha akaitoa mikono yake, akaitazama. "Mwalimu, nataka kuuliza. Ile siku uliomba, Mungu alikuonyesha nini kwa hii mikono? Mimi natafuta, sioni. Lakini wewe ni mtu ya Mungu."

Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mgonjwa anavyomuuliza daktari. Swali hilo naingia nalo darasani na kutoka nalo, wifi. Nikiandika ubaoni naiona mikono ile imenyooshwa mbele yangu.

Nilimwambia yote pale pale, kando ya magunia ya makaa. Nilimwambia Mungu hakunionyesha kitu, nilikuwa naficha kosa langu. Alikaa chini mavumbini. "Miaka tatu," akasema. Kisha akauliza, "Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Basi hii mikono bado imefungwa."

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kanisa lile lile la Kakuma nikiwa na karatasi ya daktari mkononi, nikasema nilichofanya. Mchungaji alimwomba Nyibol msamaha kwa niaba ya kanisa, akamrudishia joho. Hata hivyo, tulipotoka nilimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba yule mwanamke ana nguvu za giza, kwamba amemlazimisha mwalimu kusema hivyo. Hata toba yangu wameigeuza kuwa ushahidi dhidi yake. Neno nililolitoa halinisikii tena.

Nilimsindikiza hadi Kalobeyei. Ayak alimletea mtoto, na mtoto mwenyewe akanyoosha mikono kwa nyanya yake. Nyibol aliiweka yake nyuma ya mgongo. "Bado," akasema. "Mama ya Amondi kwanza."

Josiah anajua sasa. Aliisoma karatasi, akatoka nje, na tangu hapo tunasemezana tu inapobidi. Sina la kumlaumu. Kama Lodwar wangeweza kumwokoa Amondi, sijui, na sitajua. Nimemwachia Mungu jambo hilo kila asubuhi, na kila asubuhi nalikuta limerudi.

Sikuombi unisamehe upesi. Nakuomba usinipigie mimi kwanza. Mpigie Nyibol, umwambie kwa kinywa chako kwamba hukumu uliyompa kwa macho siku ile umeiondoa. Kwangu mimi hawezi kulipokea neno hilo, na ana haki.

Nisalimie Mama na majirani wote walionijua nikiwa bibi arusi. Barua hii usimsomee Mama mpaka uwe na nguvu. Mungu aliyemchukua Amondi akushike wewe leo, mahali ambapo mimi sikukushika.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na kukuogopa,

Chepkirui

Karatasi ya daktari nimeiweka humu ndani, ni yako. Namba ya Ayak iko nyuma yake. Mchana simu huwa nyumbani, na Nyibol ameniambia ataipokea yeye mwenyewe.