Mtaa wa Bi Zena

Jumatatu, 4 Mei 1936
Wasichana wa chuo changu cha Kurani wamesoma ovyo leo. Nimewarudisha mwanzo wa Yasini, wakanuna.
Mchana mume wangu Abdalla karudi kutoka kazini Boma, hakula. Mtaa wetu unabadilishwa jina. Utaitwa Mtaa wa Lodi Askabi. Nani huyo? Waziri mmoja wa Uingereza, mtu wa ukoo wa mabwana, keshakufa. Hakupata kukanyaga Bagamoyo. Ana barabara Dar es Salaam, ana na mlima sijui wapi. Havikumtosha. Sasa anamtaka bibi yangu, Bi Zena, mwenye jina la mtaa.
Na tangazo la Kiswahili kaliandika nani? Abdalla, karani wao.

Jumatano, 6 Mei
Sisemi naye. Nampakulia, natoka.
Bibi Zena aliuza bangili zake mwaka wa ukame, akachimbisha kisima, akakiweka wakfu. Hakumzuia mtu, mgeni wala mtumwa. Watu wenyewe wakaanza kusema naenda kwa Bi Zena. Hawakuamrishwa na serikali yoyote.

Ijumaa, 8 Mei
Kaja tarishi wa Boma. Kesho kibao cha jina jipya kinazinduliwa. Wasichana wangu wapangwe mstari waimbe sifa za Lodi.
Nimekataa.
"Mwalimu, watakifunga chuo chako."
Wakifunge. Tarishi akaondoka.
Abdalla kafoka: unataka nifukuzwe kazi? Nikamwambia kazi ya kumzika bibi yangu mara ya pili si kazi. Nilitaka imchome. Imemchoma.

Jumamosi, 9 Mei
Nilisimama mlangoni na buibui langu. Sikwenda mbele. Kibao cha chuma, herufi nyeupe. Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa Boma, kahutubu Kiingereza, Abdalla akifasiri pembeni yake kwa sauti ya mgonjwa. Nilimchukia. Nilimchukia kuliko Mzungu.
Wakafika kwenye jina. Abdalla akanyamaza. Bwana Shauri akarudia. Mume wangu akainua uso, akasema kwa sauti iliyofika mpaka uani:
"Na mtaa huu ni Mtaa wa Bi Zena, aliyetunywesha maji."
Halafu wanawake wakapiga vigelegele. Mzungu akatabasamu, akagusa kofia. Alidhani ni vyake! Mpaka Liwali wa mji alipomnong'oneza Abdalla kasema nini.
Sijawahi kuona uso ukigeuka vile.

Jumatatu, 11 Mei
Abdalla kafukuzwa kazi. Chuo kimefungwa. Kibao kipo palepale.
Waliopiga vigelegele juzi leo wanapita upande wa pili wa njia. Liwali kapita, hata salamu hakutoa. Na yeye kakulia maji ya kisima kile. Mungu atawalipa, wote, na mimi sitawaombea msamaha.
Abdalla kakaa barazani na kanzu ya kazini. Nimempelekea chai, nikakaa karibu naye.

Alhamisi, 21 Mei
Tuko Mapinga, shambani kwa kaka yake Abdalla. Mvua ya asubuhi, tope mpaka mlangoni. Viganja vya Abdalla vimetoka malengelenge kwa jembe. Halalamiki.
Tulikuwa tunamenya mihogo. Akaniuliza Bi Zena alikuwa mtu wa namna gani hasa. Miaka yote ya ndoa hakupata kuniuliza.
Nikamweleza. Alikuwa mkali, mpenda tambuu, akicheka anajiziba mdomo kwa kanga. Abdalla akasikiliza, kisu kimesimama mkononi. Mihogo ikachelewa kuingia motoni.