Jina Ambalo Eustadia Hakulitaja

Karibu na Stesheni ya Urambo,
29 Agosti 1948.

Kwa kaka yangu mpendwa Modest,

Shikamoo kaka. Sisi huku tunaamka salama, tukimshukuru Mungu, isipokuwa goti la mama ambalo bado linamsumbua anapoinuka. Baba ni mzima, anakohoa kama kawaida yake. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Nasi tunataka kujua habari zako. Ule mwiba wa mkonge ulioingia kiganjani umetoka? Chakula cha kambini kinatosha? Mama ananiuliza hayo kila siku, kana kwamba mimi ndiye ninayekupikia.

Najua barua hii utasomewa na Mwalimu Saidi, maana ndiye aliyekusomea ile ya Pasaka. Mwalimu, shikamoo. Nakuomba uisome polepole, tena mkiwa wawili tu, kwa sababu huko mbele kuna maneno ambayo si ya kusikiwa na kambi nzima.

Kaka, ulituletea mtu bila kutuletea neno. Nilikuwa nimerudi likizo siku chache tu mwanamke huyo alipotokea uani, mtoto mgongoni na sanduku la bati kichwani. Alisema anaitwa Eustadia, ametoka Kimamba kwa treni, na Modest amemtuma akae kwetu. Mama alimpa maji, akamwuliza mtoto ni wa nani. Akasema ni wake. Mama akauliza, na baba yake je? Akainamisha kichwa, akasema atalisema hilo siku yake ikifika. Mtu akijibu hivyo, kaka, wewe ungefikiri nini?

Shangazi Minza hakuhitaji kufikiri. Siku ile ile alikuja kumtazama, akamgeuza mtoto huku na huku kama mtu anayenunua kuku, akasema masikio hayo si ya ukoo wetu. Alituambia tuwe macho, kwa kuwa treni huleta vingi, hata kunguni. Baba hakusema kitu mbele ya watu, lakini hakulala vizuri. Aliona jinsi jirani yetu Lugembe alivyotozwa ng'ombe katika baraza la mtemi kwa kumkalisha mwanamke ambaye baadaye mumewe alitokea na fimbo. Baba alimwambia mama kwamba huyu naye bila shaka ni mke wa mtu, amekimbia, na jina lako amelisikia tu kwa manamba wenzako.

Mimi nami nilimshuku, siwezi kuficha. Alikuwa hachangamani na wanawake kisimani. Akija mgeni, yeye yuko jikoni. Nikaamua kumtega. Nilimwambia, unamjua kaka yangu kweli, yule asiye na kucha katika kidole cha mkono? Akanijibu bila kuacha kupepeta kwamba kucha isiyokuwepo ni ya mguuni, tena wa kushoto. Moyo wangu ukatulia kwa siku moja. Kisha shangazi akasema kidole cha mguu cha mtu anaweza kukijua hata askari wa kambini aliyemwona peku.

Wakati huo huo ikaja habari ya hesabu ya watu. Mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, Mzee Shilinde, alipita kijijini akitangaza kwamba serikali inataka kujua kila nyumba ina watu wangapi, nani ni mume, nani ni mke, nani ni mtoto, na nani ni mgeni tu. Hakuna aliyemwamini. Wengine walisema ni kodi hiyo inapitia mlango wa nyuma. Wengine walisema ni kwa ajili ya mashamba ya karanga, kwamba watu wakionekana wachache, mitambo itakuja kung'oa miti mpaka makaburini kwetu. Basi wenye kuogopa kodi wakawaficha vijana wao porini, na wenye kuogopa mitambo wakaazima watoto wa wenzao. Mtoto mmoja wa Lugembe aliahidiwa kwa nyumba tatu, na kila nyumba ilimwahidi uji. Wazee walikumbusha ile njia ya misafara inayopita nyuma ya mihogo yetu. Walisema watu wengi waliopita pale walikuwa wakihesabiwa kila jioni, na hakuna aliyehesabiwa kwa faida yake mwenyewe.

Mimi niliwaeleza kama Sista alivyotufundisha, kwamba serikali ikijua idadi ya watoto itajua shule ngapi zinahitajika. Shangazi akanishauri nimalize kusoma kwanza, ndipo niisemee serikali.

Baba hakuogopa kodi wala mitambo. Aliogopa karatasi. Jina la Eustadia likiandikwa chini ya jina lake, siku mume wa mwanamke atakapotokea atakuwa na shahidi aliyewekwa na serikali yenyewe. Alitaka asikutwe kwetu siku hiyo. Shangazi aliombwa amhifadhi, akasema nyumba yake imejaa, bila kusema imejaa nini. Basi ikaamuliwa kwamba Eustadia na mtoto wakae ndani kimya mpaka karani apite, na kesho yake apewe nauli, mama ampeleke stesheni arudi alikotoka. Eustadia alipoambiwa hakubisha. Alianza kufunga vitu vyake katika lile sanduku la bati, naye mtoto akimchezea kitambaa cha kichwa. Mama alitoka nje akaniambia kuna moshi jikoni, na moto haukuwa umewashwa.

Karani alifika asubuhi pamoja na Mzee Shilinde. Ni kijana wa Tabora mjini, jina lake Selemani, msafi sana, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amekwisha kuchoka nasi kabla hajakaa. Alisema kijiji kilichopita ameona watoto wakichungulia kutoka katika vihenge vya mtama, na hapa ameonyeshwa mtoto yule yule katika nyumba mbili akiwa na majina mawili, na mara ya pili mtoto mwenyewe alimwamkia kwa kumjua. Akamwambia baba kwamba hataki hadithi, anataka watu waliolala humu usiku wa jana.

Baba akataja: yeye, mama, na mimi. Ndipo mtoto akalia kule ndani.

Karani akaweka kalamu chini, akauliza kwa adabu kubwa kama mbuzi wa nyumba hii siku hizi hulala kitandani. Mzee Shilinde alicheka peke yake. Karani akaamuru aliye ndani atoke.

Eustadia alitoka, akapiga magoti kando ya mama, uso ameuelekeza upande. Watu wa jirani walikuwa wamekwisha kujaa uani, na shangazi alikuwa mbele yao wote. Karani alisema sasa hatamwuliza mwenye nyumba, maana wenye nyumba wa huku wamemfundisha. Atamwuliza mwanamke mwenyewe. Akamwuliza jina lake, akalisema. La mtoto, akasema Bernadeta. Wamelala wapi? Akasema hapa. Hapa ni kwa nani?

Eustadia akanyamaza.

Karani akarudia swali, akidhani hakusikia. Eustadia akasema ni kwa mume wa mama huyu. Karani akasema kila mama ana mume, yeye anataka jina. Eustadia akatikisa kichwa. Karani akakasirika. Alisema basi huyu pia ameazimwa, tena ameazimwa leo asubuhi, kwa kuwa hajui hata jina la mtu anayempa chakula. Akasema asipolitaja atampeleka kwa mtemi akaulizwe huko. Shangazi Minza akaangua kicheko, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Eustadia alikuwa amesema kwa sauti ndogo kwamba jina analijua, lakini haliwezi kutoka kinywani mwake.

Mwalimu Saidi, huenda wewe hujui desturi yetu, basi nikueleze. Kwetu mke wa mwana hamtaji baba mkwe wake kwa jina, hata akipigwa. Wewe kaka unajua. Mzee Shilinde aligeuza uso. Mama aliweka ungo chini, na baadaye aliniambia kwamba wakati ule alikuwa akizipitia siku zote moja moja, akatambua kwamba hajapata kumsikia Eustadia akilitaja jina lile. Ni karani tu aliyekuwa hajaelewa, na bado alikuwa akisubiri.

Baba alisimama. Akamwambia karani aandike: huyu ni mke wa mwanangu Modest, na huyo ni mjukuu wangu. Karani akamtazama, akawatazama watu, akaandika. Alituandikia namba mlangoni kwa chaki, akaondoka.

Sasa, Mwalimu, nakuomba usome hapa kwa sauti ya chini.

Mchana wa siku ile Eustadia alimwomba mama ampelekee baba maneno yake. Baba alikaa upande wa pili wa ukuta, kama ilivyo kwa mkwe, na mama akawa katikati yao. Eustadia alisema hawezi kula chakula cha nyumba hii juu ya uongo. Alisema mtoto si wa Modest. Ni wa mumewe Anselm, rafiki yako mliyekata naye mkonge, aliyekufa kwa kichomi mwezi wa Mei. Msimamizi wa shamba aliitaka nyumba kwa manamba mwingine, wazazi wa Eustadia wamekufa, ndipo wewe ukamtuma kwetu. Hakusema tangu mwanzo kwa kuwa mjane ambaye matanga ya mumewe hayajamalizwa huogopwa kama mleta mkosi, naye aliogopa kufukuzwa na mtoto siku ile ile.

Baba aliuliza karani amefika wapi. Mama akasema amekwisha kuvuka kijito. Baba akasema miguu yake si ya kuikimbilia serikali, akaomba maji ya kunywa.

Lakini mimi, kaka, bado nilikuwa na shaka moja. Kama yeye si mke wako, jina la baba lilimkwama kwa nini? Jana tulipokuwa tunafua kijitoni nilimwuliza. Alifua kwanza nguo yote mpaka ikaisha. Kisha akasema kwamba pale stesheni ya Kimamba ulimwuliza neno, naye akapanda treni bila kukujibu, kwa sababu Anselm alikuwa hajakauka kaburini. Akasema karani alipomkazania alifikiri alitaje tu, yaishe. Ila mwanamke akishalitaja jina la mzee mbele ya watu, hawezi tena kuwa mkwe wake. Akaona kwamba angekuwa anaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwomba ruhusa nikuandikie hayo. Hakunikubalia, wala hakunikataza. Aliniambia tu nisikosee maneno.

Baba ameniagiza nikupe na maneno yake. Anasema serikali imekwisha kuandika kwamba una mke. Kama hutaki, useme mapema, kwa kuwa mama ameanza kumzoea mtoto. Kama unataka, uje mkataba wako ukiisha, tumalize matanga ya marehemu kwa heshima, kisha twende Igunga kwa mjomba wake Eustadia tukazungumze kama watu.

Shangazi Minza hajaambiwa lolote. Bado anashikilia kwamba masikio si yetu. Mama amemjibu kwamba masikio hukua.

Mimi Jumatatu narudi shule. Sista amesema nikifaulu huenda nikasomea ualimu, basi uniombee. Baba na mama wanakusalimu sana. Mzee Shilinde pia anakusalimu, na Lugembe. Eustadia nilimwuliza kama ana salamu za kukuletea. Akasema zimo humu tayari, nisiziongeze wala nisizipunguze.

Ni mimi mdogo wako,
Paskazia Mayala